Maswali na Majibu ya Afya: Saratani ya kwa baba haiishii kwa baba

Mwezi huu nimechagua barua tatu kutoka mikoa ya Mtwara na Lindi, zote zikihusu saratani inayofuata familia. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu ina jambo ambalo nimekutana nalo mara nyingi huku Kusini na ambalo vipeperushi vya hospitali huwa havilitaji.

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina umri wa miaka 29, ninaishi Newala na ninalima korosho pamoja na mume wangu. Bibi mzaa baba alifariki kwa saratani ya titi kabla sijazaliwa. Shangazi, ambaye ndiye mtoto wake wa kwanza, alifariki kwa saratani ya ovari (vifuko vya mayai ya uzazi) akiwa na miaka 47. Mwaka jana binti wa shangazi, anayeishi Dar es Salaam, aliugua saratani ya titi akiwa na miaka 36, akapimwa vinasaba, akaambiwa ana hitilafu kwenye jeni inayoitwa BRCA1. Amenipigia simu akinisihi nami nikapime. Nilipowaeleza wazee nyumbani, waliniambia nitulie, kwa kuwa huo ni ugonjwa wa ukoo wa bibi: baba ni wa ukoo huo, lakini mimi na ndugu zangu ni wa ukoo wa mama, na kwa mama hakuna aliyewahi kuugua saratani. Mama naye anasema kwenda kupima ni kujiitia ugonjwa. Baba ni mzima, ana miaka 61. Je, wazee wana hoja? Kama hawana, nifanye nini nikiwa huku Newala, na nitaishi vipi nikiambiwa ninayo?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Wazee wako wanaujua ukoo kuliko mimi, na katika hilo sina la kuwasahihisha. Kwa desturi ya Wamakonde, kama ilivyo kwa Wamakua, Wayao na Wamwera, mtoto huhesabiwa upande wa mama, hivyo ni kweli kwamba baba yako ni wa ukoo wa bibi yako na wewe ni wa ukoo mwingine. Tatizo ni kwamba jeni hazikuhudhuria kikao hicho cha ukoo. Kila mtu ana nakala mbili za jeni ya BRCA1, moja aliyopewa na mama yake na nyingine aliyopewa na baba yake, nazo hukaa kwenye kromosomu ya 17, moja ya nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli, ambayo wanaume na wanawake wanayo sawasawa. Baba akiwa na nakala moja nzima na moja yenye hitilafu, kila mtoto anayemzaa, awe wa kike au wa kiume, ana nafasi 1 kati ya 2 ya kupokea ile yenye hitilafu, wala hakuna mtoto anayepunguziwa nafasi hiyo kwa sababu ndugu yake ameshaichukua.

Kinachowapotosha wengi ni kwamba baba wa namna hiyo kwa kawaida huwa mzima wa afya. Kazi ya jeni hii ni kusaidia kukarabati DNA inapokatika ndani ya seli, na inapoharibika madhara yake huonekana zaidi kwenye matiti na ovari. Kwa hiyo mwanamume anaweza kuibeba hadi uzeeni bila kuumwa chochote, akawapa binti zake, nao wakaugua. Anayetazama kwa macho ataona ugonjwa umeruka kizazi kimoja, na mzee akisema kwamba umeishia kwa baba atasikika kama mwenye ushahidi mkononi.

Watu wetu wanaujua vizuri urithi wa aina moja, nao ni ualbino, ambao wenyewe huongeza sana hatari ya saratani ya ngozi kwa sababu ngozi haina rangi ya kuikinga na jua. Lakini ualbino huonekana kwa mtoto pale tu anapopokea jeni yenye hitilafu kutoka kwa wazazi wote wawili, na nadhani ndiyo maana wengi hudhani kila kinachorithiwa lazima kiwe na mkono wa mama na wa baba. BRCA1 haisubiri pande mbili, kwani nakala moja yenye hitilafu inatosha kupandisha hatari.

Niruhusu nikueleze kisa kimoja. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa kwenye kliniki Mtwara mjini, alikuja mama wa miaka 34 kutoka Tandahimba akiwa na uvimbe kwenye titi, nami nikamwomba safari ijayo aje na orodha ya ndugu zake waliowahi kuugua. Aliporudi alifungua pindo la kanga, akatoa stakabadhi ya korosho iliyokunjwa mara nne, na nyuma yake mwanawe alikuwa ameandika majina kumi na moja, kila jina na umri wake, kazi safi kabisa. Walikuwamo mama wakubwa, mama wadogo, wajomba na bibi mzaa mama. Nikamuuliza, "Na kwa baba?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa habari za kijiji cha jirani, akasema, "Kwa baba si kwetu, Daktari." Tulizungumza robo saa nyingine, na chini kabisa ya ile karatasi tukaongeza shangazi wawili, mmoja wa titi na mwingine aliyefariki kwa "tumbo kujaa maji", ambavyo kwa mwanamke wa makamo mara nyingi ndivyo saratani ya ovari inavyojitokeza ikiwa imeshachelewa. Tangu siku hiyo nikiwa huku Kusini huanza kuuliza upande wa baba, kwa sababu upande wa mama nitaambiwa hata nisipouliza.

Sasa tufanye hesabu yako. Ikiwa hitilafu ya binamu yako imetoka kwa shangazi, na shangazi aliipata kwa bibi, kama magonjwa yao yanavyoonyesha, basi baba yako ana nafasi 1 kati ya 2 ya kuwa nayo, na wewe, kabla yeye hajapimwa, una nafasi 1 kati ya 4. Ndiyo maana nasema kwamba anayefaa kupimwa kwanza si wewe bali ni baba, ikiwa atakubali. Akionekana hana hitilafu hiyo, wewe, ndugu zako na watoto wenu mmetoka kwenye hesabu hii kwa kipimo kimoja, na hatari yenu inabaki kama ya watu wengine. Akionekana anayo, nafasi yako inapanda kuwa 1 kati ya 2, na hapo kila mmoja wenu ataamua lini apime. Baba akikataa, wewe ni mtu mzima na unaweza kupima moja kwa moja, ila ujue kwamba ukionekana unayo, jibu la baba litakuwa limejulikana bila yeye kuulizwa. Kwa hiyo ni vyema kuzungumza naye kwa heshima mapema, na pengine afanye hivyo mtu wa rika lake. Baba mwenye miaka 61 hulipokea jambo la matiti na ovari kwa urahisi zaidi akielezwa kwamba anaombwa damu kidogo ili binti zake wapate jibu, kuliko akielezwa kwamba huenda yeye ndiye aliyelipitisha.

Kabla ya safari yoyote, mwombe binamu yako nakala ya majibu yake, si maneno ya simu tu. Jeni ya BRCA1 ni ndefu, na hitilafu zinazofahamika ndani yake ni maelfu. Karatasi yake inataja ile moja hasa ya familia yenu, na maabara ikiijua itakwenda kutazama mahali hapo tu. Ukipimwa kwa njia hiyo na ukakutwa huna, jibu la "hapana" lina maana kamili. Ukipimwa bila karatasi hiyo, jeni yote itasomwa, na unaweza kurudi na jibu la tatu ambalo huwatesa watu, yaani kwamba kuna badiliko lakini maana yake haijafahamika. Majibu ya namna hiyo huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika, kwa kuwa kumbukumbu ambazo maabara hulinganishia zilijengwa kwa sehemu kubwa kutokana na watu wenye asili ya Ulaya. Badiliko lisilofahamika maana si ugonjwa wala si hitilafu iliyothibitishwa, na mtu asikubali kufanyiwa upasuaji kwa sababu yake.

Kipimo chenyewe ni cha damu au mate, lakini hutakikuta kwenye zahanati wala kituo cha afya. Anzia Mtwara, ama Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini ama Ligula, ukaombe rufaa ya kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ukiwa na nakala ya majibu ya binamu yako na orodha ya ndugu wa pande zote mbili. Kabla hujatoa sampuli, uliza itapimwa wapi, nani analipa, na hasa nani atakaa nawe kukusomea majibu. Majibu ya vinasaba yanayotumwa kwa ujumbe wa simu bila mtu wa kuyaeleza ni bora yasingetumwa.

Mama yako anasema kupima ni kujiitia ugonjwa. Mwambie kwa upole kwamba kipimo hiki hakitafuti saratani, bali kinatafuta kitu ambacho, kama kipo, ulikuwa nacho siku alipokuzaa. Hofu yake naielewa, maana wengi wa wanawake aliowaona wakienda hospitali kwa ajili ya titi walikwenda wakiwa wameshachelewa, na kwa macho yake hospitali ndiyo ikawa mwanzo wa msiba.

Ikiwa majibu yatasema unayo, hatari si ndogo na sitaipamba. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017, uliofuatilia karibu wanawake 10,000 wenye hitilafu za BRCA1 na za jeni nyingine inayofanana nayo, BRCA2, wengi wao wakiwa wa Ulaya, Amerika Kaskazini na Australia, ulikadiria kwamba kati ya wanawake 100 wenye hitilafu ya BRCA1, 72 hupata saratani ya titi kufikia umri wa miaka 80, na 44 hupata ya ovari. Katika takwimu hizohizo kuna pia 28 ambao hawakuugua saratani ya titi hadi uzeeni, kwa kuwa nakala ya pili, ile nzima, huendelea kufanya kazi, na saratani huanza pale ambapo seli fulani inaipoteza hiyo nayo.

Kwa matiti, mpango unaopendekezwa ni kukaguliwa na mtaalamu kila baada ya miezi 6 hadi 12 kuanzia miaka 25, kupigwa picha ya MRI mara moja kwa mwaka, na kuongeza mamografia, yaani picha ya eksirei ya matiti, kuanzia miaka 30. Ukaguzi wa mikono unaweza kufanyiwa huku Mtwara, lakini MRI uipangie safari ya Dar es Salaam. Pale inaposhindikana, altrasaundi ni msaada, ingawa haijazi nafasi yake. Wewe mkulima wa korosho nakushauri uifunge safari hiyo na msimu: minada ikiisha na malipo yakishaingia, fedha ya kipimo itengwe kabla ya sare za shule na kabla ya bati za nyumba. Kipimo kisicho na mwezi wake husogezwa mbele mpaka mwaka unapita.

Ovari ni habari nyingine, kwa sababu hakuna kipimo cha kuaminika cha kuiona saratani yake mapema, si altrasaundi wala damu. Kwa hiyo mwenye BRCA1 hushauriwa kuondolewa ovari pamoja na mirija ya uzazi akiwa kati ya miaka 35 na 40, baada ya kumaliza kuzaa. Hatari ya saratani hiyo hushuka sana, lakini hedhi hukoma siku hiyohiyo, na pamoja nayo huja joto la ghafla mwilini, usingizi wa shida na mifupa kupungua nguvu, mambo ambayo yana matibabu yake na yanapaswa kuzungumzwa kabla ya kisu na si baada yake. Wapo pia wanaochagua kuondolewa matiti yote mawili, upasuaji unaopunguza hatari ya saratani ya titi kwa zaidi ya asilimia 90. Mwigizaji Angelina Jolie wa Marekani alieleza hadharani mwaka 2013 kwamba alichagua hivyo kwa sababu ya BRCA1, na tangu hapo wengi hudhani kwamba hiyo ndiyo tiba pekee, ilhali ufuatiliaji makini nao ni njia inayokubalika. Una miaka 29 na hakuna anayekukimbiza. Ukipata mtoto mwingine, mnyonyeshe mwaka mzima au zaidi, kwani kwa wenye BRCA1 imeonekana kwamba kunyonyesha hupunguza hatari ya saratani ya titi.

Umeuliza utaishi vipi. Wanawake niliowafuatilia hawaishi na hofu kila siku. Hofu yao ina ratiba, nayo hupanda wiki ya kipimo na hushuka majibu yakishatoka. Anayeteseka zaidi ni yule anayejipapasa matiti kila usiku, maana atapata uvimbe kila usiku. Chagua siku moja ya mwezi, siku chache baada ya hedhi kuisha, ujikague mara moja, kisha uliache titi lipumzike. Ukiona uvimbe mpya, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, au tezi kwapani, usingoje mwezi wa kipimo.

Mume wako umwambie kabla ya kupima, kwa sababu mwanamume aliyeshirikishwa kwenye swali hulibeba jibu vizuri kuliko aliyeletewa jibu tu. Wakwe wanaweza kungoja. Usikubali jambo hili lipewe jina la laana wala uchawi, na usimjibu anayesema hivyo kwa ugomvi. Mwambie ni urithi, kama kimo na umbo la pua. Watoto wako wasipimwe sasa, kwa kuwa saratani hizi haziwapati watoto, na uamuzi huo ni wao watakapokuwa watu wazima. Ukifika wakati wa binti yako kuchezwa unyago, nadhani hakuna ubaya kumwomba somo wake aongeze neno moja kuhusu kuyajua matiti yake, mahali ambapo mengine yote ya mwili yanasemwa bila haya.

SWALI: Habari za kazi, Daktari. Mimi ni mwalimu, nina miaka 44, niko Nachingwea. Dada yangu wa tumbo moja alitibiwa saratani ya titi na akakutwa na hitilafu ya BRCA2. Daktari wake alisema ndugu wote wapime. Nina watoto watatu, wote wa kike. Je, mwanamume anahusika na kipimo hiki kwa ajili yake mwenyewe, au ni kwa ajili ya mabinti tu?

JIBU: Nzuri, Mwalimu. Unahusika kwa yote mawili. Nafasi yako ya kuwa nayo ni 1 kati ya 2, sawa na ya ndugu yeyote wa tumbo moja na dada yako. BRCA2 huwagusa wanaume zaidi kuliko BRCA1, kwani hupandisha hatari ya saratani ya tezi dume, tena ile ya aina kali, na kwa kiasi fulani ya kongosho. Saratani ya titi kwa mwanamume pia ipo, na kwa mwenye BRCA2 hufikia takriban 7 kati ya wanaume 100; huonekana kama kidonge kigumu nyuma ya chuchu, na wanaume wengi hukipuuza kwa sababu hawadhani kwamba wana titi la kuugua.

Ukikutwa nayo, kipimo cha damu cha PSA, kinachoangalia tezi dume, kinapaswa kuwa kimeanza ufikapo miaka 40, na wewe umeshapita hapo, kwa hiyo kazungumze na madaktari wa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine, Lindi, hata kabla ya kipimo cha vinasaba. Mabinti zako ni watoto wa baba, na yale niliyomweleza dada wa Newala ndiyo yatakayowahusu. Wakishafika miaka 25, jibu lako litawaeleza kama waanze ufuatiliaji au waendelee na maisha yao. Nimeona akina baba wakilia kwa kudhani wamewapa watoto wao ugonjwa. Hukuchagua cha kupokea, na hukuchagua cha kupitisha.

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 22, natokea Masasi. Mama yangu alifariki kwa saratani ya shingo ya kizazi. Nimeposwa, lakini upande wa mchumba wamesikia habari za saratani ya kurithi na sasa wanasita. Nikapime vinasaba ili niwaonyeshe karatasi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usitoe fedha yako kwa kipimo hicho. Saratani ya shingo ya kizazi husababishwa na virusi viitwavyo HPV, vinavyoenea kwa kujamiiana na ambavyo watu wengi, wake kwa waume, hukutana navyo maishani bila kujua. Mara nyingi mwili huviondoa wenyewe. Vikikaa miaka mingi ndipo seli za shingo ya kizazi hubadilika. Kwa hiyo hukupokea saratani hiyo kwa mama kama mtu anavyopokea BRCA1. Hata katika saratani ya titi, inayozungumzwa sana, wagonjwa wanaotokana na jeni za kurithi ni takriban 5 hadi 10 kati ya 100.

Kinachokufaa wewe ni uchunguzi wa shingo ya kizazi, ambao hufanyika kwa kupaka siki na kutazama, huchukua dakika chache, na unapatikana kwenye vituo vingi vya afya. Kwa kawaida huanza ukiwa na miaka 30, au mapema zaidi kwa mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI. Wadogo zako wa kike walio kati ya miaka 9 na 14 wapelekwe kupata chanjo ya HPV, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2018. Na hao wanaosita wasomee jibu hili. Kama kwao kuna wanawake waliofika miaka 30, uchunguzi huo wa siki unawahusu hao kabla yako.